Passo cc 1000: kilomita 20 kwa lita, kweli?

Mkuu, umeuliza kama Toyota Passo automatiki ya cc 1000 inatoa kilomita 20 kwa lita, kama dalali alivyokuambia. Kwa foleni za Dar, sahau. Yangu ni ile ya gia 4, injini ya pistoni 3. Mbagala hadi Posta asubuhi, AC ikiwaka, napata 12 au 13. Safari ya Morogoro, nisipozidi 80, inafika 17. Ukisimama kwenye foleni nusu saa, injini inakunywa na kilomita haziongezeki. Hapo hata gari dogo haliponi.

Usipime kwa mshale wa geji, unadanganya sana. Jaza mpaka pampu ijikate, andika kilomita zilizo kwenye odomita ya dashibodi, tembea siku kadhaa, kajaze tena sheli ileile, halafu gawanya kilomita kwa lita zilizoingia.

Yangu iliwahi kushuka hadi 10, nikahangaika kweli. Kumbe plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, zimechoka na matairi hayana upepo wa kutosha. Nilibadilisha plagi, nikajaza upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ikarudi 12. Ukienda kuikagua hiyo gari, mwombe fundi afungue plagi mzione kabla hujalipa.