Maswali na majibu: mkaa, gesi na umeme wa Luku

*Nanunua mkaa wa kopo kila siku. Jirani anashikilia kuwa gesi ni nafuu. Ni kweli? (Ngamiani, Tanga)*

Usipime kilo kwa kilo, pima joto linaloingia sufuriani. Jiko la bati hufikisha kama sehemu moja ya tano ya joto la mkaa. Lililobaki humpasha mpishi miguu. Jiko la gesi hufikisha zaidi ya nusu, na gesi yenyewe ina joto jingi kuliko mkaa wa uzito uleule. Kwa hiyo kilo 1 ya gesi hufanya kazi ya takriban kilo 4 za mkaa, na mtungi wa kilo 6 ni kama kilo 24. Peleka kopo lako dukani lipimwe kwenye mizani, upate bei ya kilo, kisha zidisha kwa 4. Jumla ikipita bei ya kilo ya gesi, jirani kasema kweli. Kinachowakwamisha wengi ni fedha ya kujaza mtungi kwa mkupuo. Hapo kibubu cha jikoni kinasaidia.

Ukibaki na mkaa, chukua jiko lenye udongo ndani. Matumizi hushuka kwa karibu theluthi moja, mradi ufunike sufuria na kubana kimlango chakula kikishachemka. Faida haiishii mfukoni. Tanuri la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa, kwa hiyo zile kilo 24 ni zaidi ya kilo 140 za miti.

*Moto wa gesi umekuwa wa njano na masufuria yanashika masizi. (Makorora)*

Hewa haitoshi. Zima, acha jiko lipoe, ondoa vichwa vya jiko, zibua matundu kwa sindano na ukaushe kabla ya kurudisha. Ukisikia harufu, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira: panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Funga mtungi, fungua mlango, wala usiguse swichi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni.

*Luku yangu inakwisha kabla ya mwezi na sina vitu vingi, friji tu na taa. (Chumbageni)*

Basi mtuhumiwa ni friji. Bana karatasi mlangoni kisha ivute; ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Iache nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani, futa vumbi kwenye koili za nyuma (hewa ya chumvi huzila haraka), na yeyusha barafu ikifika nusu sentimita. Kama uko kwenye bei ya wateja wa matumizi madogo, uniti 75 za mwanzo ni shilingi 100 kila moja bila kodi, zinazozidi ni 350. Friji mbovu inaweza kukuvusha mpaka huo peke yake.

*Na jiko la presha la umeme je, si litanimaliza?*

Nusu kilo ya maharage, yakilowekwa usiku kucha, huiva kwa uniti 0.5 au pungufu: hata kwa bei ya juu ni kama shilingi 175 kabla ya kodi. Nyanya ziweke yakishaiva, la sivyo yatakakamaa. Lichomeke moja kwa moja ukutani; waya mwembamba wa ekstensheni huungua. Wala si kwamba moshi wote wa jikoni umehamia tu kwenye mitambo ya umeme: sehemu ya umeme wa gridi hutokana na gesi asilia, lakini sehemu kubwa ni ya maji, na mkoani kwetu Mto Pangani unazungusha mitambo ya Hale, megawati 21, na ya Pangani Mpya, megawati 68.