Kabla ya kuomba gari la doria, nunua daftari

Kijana akikabidhiwa mradi wa kupambana na ujangili, swali lake la kwanza kwangu huwa la vifaa. Magari mangapi, redio za aina gani, ndege nyuki inapatikana wapi na kibali chake anatoa nani. Namsikiliza, kisha namuuliza kama ana daftari la mizoga. Wengi hudhani nawatania.

Nimefanya kazi hii kusini mwa Tanzania, kwenye ushoroba, yaani njia ya wanyama, unaounganisha pori la Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, kwanza porini na askari wanyamapori wa vijiji, baadaye mezani na bajeti na taarifa. Mezani ndiko nilikoelewa kwamba fomu anayojaza askari akiwa amechuchumaa kando ya mzoga wa tembo ndiyo inayobishaniwa na wajumbe wa nchi Geneva na Johannesburg, kwenye mikutano ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Fomu hiyo ikiwa mbovu, na ubishi wao unakuwa mbovu.

Chukua mfano wetu wenyewe. Mwaka 2006 eneo la Selous na Mikumi lilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 70,000. Mwaka 2009 wakawa kama 39,000. Sensa ya 2013 ilikadiria 13,084. Katikati ya anguko hilo, Machi 2010, ujumbe wa Tanzania ulikuwa Doha kwenye mkutano wa CITES, ukiomba tembo wetu washushwe kutoka Kiambatisho cha Kwanza, wanapokatazwa kuuzwa kimataifa kibiashara, kwenda cha Pili, na turuhusiwe kuuza tani zipatazo 90 za meno yaliyokuwa ghalani. Ombi lilikataliwa. Likaandikwa tena kwa ajili ya mkutano wa Bangkok wa 2013, kisha likaondolewa kabla ya kujadiliwa. Watu walikasirika, wakasema wazungu wanatupangia mali yetu. Hasira ile naielewa, maana anayelala porini kuwalinda tembo ni mtoto wa Namtumbo, si wa Brussels. Lakini ukienda kuomba ruhusa ya kuuza wakati hesabu zako hazijui kinachotokea nyumbani, hata rafiki yako atasita kukupigia kura.

CITES ina mpango unaoitwa MIKE, ulioamuliwa Harare mwaka 1997, wa kufuatilia mauaji haramu ya tembo. Selous na Mikumi ni mojawapo ya maeneo yake. Hesabu yake ni nyepesi: kati ya mizoga yote mliyoikuta, mingapi ni ya tembo waliouawa kinyume cha sheria? Mizoga kumi, saba ya ujangili, uwiano ni 0.7. Ukivuka 0.5 ni dalili kwamba idadi inaelekea kushuka. Askari anachotakiwa kuandika ni mahali, tarehe, umri wa mzoga, kama meno yapo, na chanzo cha kifo kadiri anavyoweza kukitambua.

Wepesi huo una mitego miwili. Wa kwanza, askari hawaandiki tembo aliyejifia. Mzee kafa kwa ukame karibu na mto, meno yake yapo, hakuna habari, wanayachukua na kuyapeleka ofisini bila fomu. Mwisho wa mwaka daftari lina mizoga ya ujangili tu, na eneo lako linaonekana baya kuliko lilivyo. Wa pili ndio mbaya zaidi, na unatokana na sisi viongozi. Mkuu akifoka kila mzoga mpya unaporipotiwa, akauliza "mlikuwa wapi?", akakata posho, basi amewafundisha vijana wake kutoona. Doria zitaendelea, mafuta yatatumika, na mizoga itakoma kwenye karatasi. Taarifa itapendeza. Nimeshazisoma taarifa za namna hiyo, kanda nzima bila mzoga hata mmoja huku tai wakizunguka.

Kwa hiyo mzoga ukipatikana, mshukuru aliyeupata. Na ikiwa una fedha kidogo za motisha, zielekeze kwenye fomu zilizojazwa vizuri, zikiwa na picha na alama za GPS, badala ya idadi ya watu waliokamatwa. Ukilipa kwa idadi ya mahabusu utapata mahabusu, na wengi wao watakuwa akina baba waliokutwa na nyama ya digidigi na waya mbili za kutegea. Waya ni tatizo, sikatai. Lakini aliyetega waya ili ale na mwenye bunduki anayesubiriwa na gari la meno barabarani ni watu wawili tofauti, na anayewaweka kapu moja hawezi kumpata huyo wa pili.

Baada ya porini kuna mahakama, na hapa ndipo kazi nyingi za askari hufia. Tunakamata vizuri na tunaandika vibaya. Hati ya ukamataji ijazwe palepale, isainiwe na mtuhumiwa na shahidi huru, mjumbe au jirani, si askari mwenzako. Kila kielelezo kinapobadilisha mikono, aliyetoa na aliyepokea waandike majina na saa. Nyamapori ina masharti yake. Kwa kuwa inaoza, huombwa amri ya hakimu iteketezwe kabla kesi haijasikilizwa, na wakati huo mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu apewe nafasi ya kusema lake. Mahakama ya Rufani imeshakataa vielelezo kwa sababu mtuhumiwa hakuwapo. Wafundishe vijana wako jambo hili kabla ya kuwafundisha kulenga shabaha. Kesi ya Yang Fenglan, aliyeitwa Malkia wa Meno ya Tembo, ilianza kwa kukamatwa kwake 2015 na hukumu ya miaka 15 ikatoka Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Februari 2019, ikihusu vipande 860 vya meno. Miaka ile yote kati ya pingu na hukumu ilibebwa na karatasi na mashahidi.

Kuhusu nguvu nitasema machache, kwa kuwa wengi tunakumbuka. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 ikiwa na nia inayoeleweka. Ikasimamishwa baada ya malalamiko ya watu kuteswa, kuuawa na kuporwa, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao Desemba mwaka huohuo. Hasara iliyobaki vijijini haikuandikwa popote, nayo ni kufunga mdomo. Kijiji kinajua nani kaazima gobole na nani kapokea mgeni mwenye pikipiki usiku. Ukikipiga, kinakaa kimya.

Na kinakaa kimya pia ukikidharau. Tembo akimaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja, mkulima anastahili kifuta jasho. Akiua mtu, familia inastahili kifuta machozi. Majina ya malipo hayo yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Yakichelewa, usitarajie simu kutoka kwa mkulima yule. Ofisi yako haiwezi kuilazimisha hazina ya serikali ilipe, lakini inaweza kuhakikisha fomu ya uharibifu inajazwa mapema, afisa wanyamapori wa wilaya anafika na gari lenu kama hana lake, na mkulima anajua faili lake liko wapi. Uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki husaidia pale wenyewe wanapoutunza. Mimi huhesabu mafuta ya kazi hiyo kwenye fungu la intelijensia, na mhasibu akiuliza namweleza kwa nini.

Fedha za watoa taarifa zitenge na zisimamiwe na mtu mmoja anayewajibika, lipa baada ya kuthibitisha, na jina la mtoa taarifa lisikae kwenye kompyuta ya ofisi. Mwingine atakuletea habari aliyoitengeneza mwenyewe: meno aliyoyanunua ili "yakamatwe". Ukimlipa mara moja umefungua duka.

Sasa sera za mbali. Usidhani haziufikii mkoba wako. China ilipofunga soko lake halali la ndani mwishoni mwa 2017, bei ya meno ilikuwa imeshashuka sana, kutoka kama dola 2,100 kwa kilo mwaka 2014 hadi karibu 730 mapema 2017. Naamini uamuzi ule, pamoja na kukamatwa kwa vigogo hapa nyumbani, ulitusaidia kuliko doria zetu zote, ingawa askari hawapendi kusikia hivyo.

Upande wa pili, Aprili 2014 Marekani ilisimamisha kuingizwa nchini kwake nyara za tembo waliowindwa Tanzania. Jumuiya za hifadhi za kusini, zile za vijiji vilivyotenga ardhi kwa ajili ya wanyamapori, zinaishi kwa ada za vitalu vya uwindaji. Kitalu kikikosa wateja wa Kimarekani mapato hupungua, na katika bajeti ya jumuiya posho ya askari ndiyo ya kwanza kukatwa. Askari anarudi shambani kwake, pori linabaki wazi, yote kwa barua iliyosainiwa Washington na watu wasioijua jumuiya yako.

Kwa hiyo unapopanga bajeti ya mwaka, weka pembeni posho na chakula cha askari cha miezi sita, katika akaunti isiyoguswa kwa semina wala matairi. Kwenye mkataba na kampuni ya uwindaji au ya utalii wa picha, fungu la doria liandikwe kama malipo ya kudumu, lisitegemee idadi ya wanyama waliowindwa. Mkutano mkuu wa CITES ukikaribia, mapendekezo ya nchi hutakiwa siku 150 kabla. Takwimu zako za mizoga zifike Idara ya Wanyamapori mapema kuliko hapo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.