Kipimo cha sukari cha wiki ya 26 ya mimba: usikiogope

Mdogo wangu wa Wete, nimekufahamu. Umeambiwa kliniki uende na njaa ukanyweshwe maji ya glukosi, unahofia mtoto atadhurika, na mama mkwe anasema wewe si mnene, hayakuhusu. Mimi nilikuwa mwembamba kuliko wewe, na mimba ya pili nilikutwa na sukari ya mimba, yaani sukari kupanda kwenye damu wakati wa ujauzito. Sukari ya mimba mara nyingi haina dalili, ndiyo maana hupimwa wiki ya 24 hadi 28.

Kula mwisho saa 4 usiku, asubuhi maji matupu tu. Hata chai ya rangi usiguse. Utatolewa damu, utakunywa glukosi gramu 75, kisha damu tena baada ya saa moja na saa mbili. Kaa kitako, usizunguke sokoni. Ukitapika, mwambie muuguzi, kipimo kitarudiwa siku nyingine. Kinywaji hicho cha mara moja hakimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni sukari kupanda miezi mizima bila kujulikana: hunenepa kupita kiasi, na akizaliwa sukari yake huweza kushuka ghafla.

Mipaka ya sukari kwenye damu inayotumika sana, kwa mmol/L, ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 saa ya kwanza, 8.5 ya pili. Kufikia mmoja tu kunatosha kukutwa nayo.

Ukikutwa nayo, wengi hutosheka kwa chakula na kutembea. Mimi nilipunguza wali na boflo, nikazidisha samaki na mchicha. Ukipewa insulini, ikubali. Dawa za miti usijaribu.

Mtoto akipunguza kucheza, usingoje kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.