Mwanangu, umemaliza mzunguko wa kwanza

Kilwa Masoko

Mwanangu kipenzi,

Asalaam alaykum. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikaurudia, maana sauti haikuwa ile niliyoizoea. Mwenzako wa ofisini amefariki usingizini, umri wake na wako mmoja, na tangu mmzike wewe hulali. Ukaniuliza: "Mama, umeosha maiti tangu sijazaliwa. Mwanadamu ana uhakika na nini hapa duniani?" Nimeona nikuandikie, kwani kwa simu maneno haya yangenishinda.

Nianze na huo umri wako, ndio unaokutia hofu. Ulizaliwa Ramadhani ya 1993, mwezi wa Machi, joto la kaskazi bado linaunguza. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa kalenda ya kazini kwenu kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma: mara tunafunga kwenye joto, mara kwenye kipupwe, mara kwenye vuli. Mpaka irudi ilikoanzia, inapita miaka kama 33. Mwaka huu wa 2026 imetukuta tena Februari na Machi, kama ile uliyozaliwa. Umemaliza mzunguko wako wa kwanza, mwanangu. Mimi naukaribia mwisho wa wa pili. Wa tatu hauna watu wengi. Muda haukukimbii wewe peke yako, na hakuna aliyeuharakisha ili akuonee. Mwezi unaandama kama ulivyoandama kwa bibi zako.

Sasa hayo ya kuosha. Nimemwosha bibi mkongwe ambaye hata wajukuu zake walikuwa na mvi. Nimemwosha na bi harusi ambaye hina ya vidoleni ilikuwa bado nyeusi. Kazi ni ile ile. Unamfunika shuka, mkono wako unapita chini yake, maana sitara yake haiishi kwa kufa. Maji yawe ya uvuguvugu, usimmwagie maiti maji ambayo wewe mwenyewe yangekushtua. Unaanza kuliani. Kuna maji ya majani ya mkunazi, na ya mwisho yanatiwa karafuu maiti. Nywele unazisuka mikia mitatu, unailaza nyuma. Kisha sanda, nguo tano kwa mwanamke. Pete ikigoma kutoka unaipaka sabuni, polepole, bila kuivuta.

Hapo ndipo nilipojifunza ninachokiamini. Kwamba tutakufa, hata mtoto wa madrasa analijua. Kwamba saa hatuambiwi, umeshaliona kwa mwenzako. Lakini liko ambalo watu hawalifikirii: siku hiyo hutajifanyia lolote. Utageuzwa, utasukwa, utabebwa, utashushwa mwanandani, yote kwa mikono ya wengine. Msomi na asiyesoma, kila mtu atahitaji watu. Nina uhakika na hilo kuliko ninavyokuwa na uhakika wa chakula cha kesho.

Na madeni. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa nyumba husimama akasema: anayemdai marehemu aje kwa familia. Sisi wanawake tunakuwa ndani, tunasikia kimya cha nje, na wakati mwingine namwona mjane ameinamisha kichwa kwa sababu yeye analijua deni ambalo wanawe hawalijui. Mali ya marehemu inatoa kwanza gharama za mazishi, halafu madeni, halafu wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Mtu anaweza kukaa miaka akijiuliza atakufa lini, jambo asilopewa kulijua, na daftari la wanaomdai hana. Hofu yako si dhambi, mwanangu, wala siiti udhaifu wa imani. Nakutaka uipe kazi. Usiku usingizi ukikataa, washa taa, andika: nani anakudai, wewe unamdai nani, amana za watu ziko wapi, watoto wakae na nani. Mwonyeshe mumeo. Usiku wa pili, mfikirie uliyegombana naye mkanuniana, umpigie kukicha.

Ulipokuwa shuleni mlivuka kwenda Kilwa Kisiwani kutembezwa Husuni Kubwa, lile jumba la kale, ukarudi unaniuliza nani alikuwa anaogelea kwenye lile bwawa la pembe nane. Jumba lile lilikuwa na vyumba zaidi ya mia. Husemwa kuwa ni la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331. Walimwita Abu al-Mawahib, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka kuswali, fakiri wa Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akavaa nyingine, zile akampa. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, iliyopitia bandari yetu imeshasahau ilipita kwa nani. Wareno waliupora mji 1505. Jumba halina paa, mizizi imeingia kutani. Nguo za fakiri bado zinasimuliwa, miaka karibu 700. Nikimsikia mtu akilia kwamba hakuna kinachobaki, huwa namkumbuka yule fakiri.

Jambo la mwisho, nalo usiliogope. Sanda yangu iko kwenye sanduku la chini, imefungwa pamoja na karafuu maiti na udi. Ufunguo anao shangazi yako. Sidaiwi na mtu ila fundi wa mlango, naye nitamlipa mwezi huu. Nikiwahiwa, jina lake limo kwenye daftari. Nataka siku hiyo uwe miongoni mwa watakaoniosha. Mwosha mwenye mkono mzuri yupo hapa jirani, na atakuwepo, lakini mkono wako ndio ninaoutaka uwe wa kwanza, na kazi hii huwezi kuijua ukiwa hujafundishwa. Ukija Idi ya kuchinja, baki siku mbili baada ya wenzako kuondoka. Tutakaa uani mimi na wewe, nitakuonyesha jinsi nguo tano zinavyokatwa na jinsi ya kumgeuza mtu bila kumfunua.

Nisalimie mkwe wangu, na wajukuu uwaambie bibi anawawekea maembe.

Mama yako