Kabla hujaziosha shanga, soma chupa

Jana jioni nilimkuta mdogo wetu ameinamia sahani, machozi yakimlengalenga. Shanga zake za aljineti, jeli ya mwani tunamolea seli za gegedu (ule mfupa laini wa viungo), zimeyeyuka, seli zimetapakaa chini. Sikuuliza kitu, chupa ya bafa ya fosfeti, maji ya chumvi tunayooshea seli, ilikuwa pale mkononi mwake. Huyu ni wa tatu mwaka huu, wanangu, basi nisikizeni.

1. Seli ya gegedu ukiihamisha mara nyingi kwenye plastiki hutandazika, ikaacha kutoa kolajeni ya aina ya 2, protini ya gegedu, na kutoa ya 1, ya ngozi na mfupa. Ndani ya jeli hubaki duara, na kazi yake haiisahau.

2. Aljineti hushikwa na kalsiamu, na fosfeti huipora kalsiamu hiyo. Osheni kwa maji ya chumvi tupu ya asilimia 0.9, yasiyo na fosfeti. Mimi hili lilinigharimu. Nilikwenda alfajiri kwa wachinjaji, nikapewa magoti ya mbuzi yangali na joto, nikakwangua gegedu mpaka vidole vikafa ganzi. Seli nikazilea wiki mbili, nikazidondosha tone tone kwenye kloridi ya kalsiamu ya milimola 102. Shanga zikatoka ng'avu kama mayai ya samaki. Nikaziosha mara tatu kwa bafa ya fosfeti kwa sababu kila kitu tulikiosha hivyo. Maji yakaingia ukungu. Nikaona si neno, nikawahi feri ya Likoni. Siku ya tano hapakuwa na shanga hata moja. Lakini hilo silo linaloniuma. Sikumwambia mtu. Nilizipima zile seli zilizotandaa chini, nikaandika daftarini: aljineti haifai kwa gegedu. Mwenzangu akaliamini daftari langu, akaiacha aljineti miezi minne. Nilipokuja kumwambia ukweli alinyamaza, akavua glavu, akatoka. Mpaka leo namwonea haya.

3. PLGA, plastiki inayooza tunayojengea kiunzi cha seli, ikimeng'enyuka hutoa asidi. Midia, yaani maji ya kulishia seli, ikigeuka njano, badilisheni siku hiyo hiyo.

4. Mwani unaolimwa Kibuyuni, kule Kwale, hutoa karajinani, jeli nyingine kabisa. Aljineti ni ya mwani wa kahawia. Msiwachanganye wageni, tafadhali!

5. Aljineti yenyewe hushika safranini O, rangi nyekundu ya kuonyeshea gegedu. Bila kipande cha jeli kisicho na seli pembeni, wekundu huo msinionyeshe.

Na wewe mdogo wangu, andika daftarini kilichotokea, jina la bafa na yote. Jumatatu alfajiri twende wote kwa wachinjaji. Kisu nimeshakinoa.