Mkuu wa Isevya, Tabora, mpigie fundi sasa hivi asije Jumamosi

Salamu baadaye. Umeandika kwamba shomoro wamejaa kwenye paa, na fundi anakuja Jumamosi kuziba mianya yote kwa fomu ya kupuliza (lile povu linalovimba na kuganda). Hilo la fomu ndilo litakalokula hela yako.

Shomoro hutagia pale migongo ya bati inapokalia ubao wa mbele, na nyuma yake ni dari. Ukiziba kiota kikiwa na makinda, hawafi siku hiyo. Watalia siku mbili, mama yao yuko nje anadonoa fomu. Kisha kimya. Kisha harufu, na hutajua inatoka wapi, maana joto la bati linaisambaza dari nzima. Wanafuata nzi wa kijani, halafu funza wanadondoka kupitia tundu la taa, juu ya ugali kama una bahati mbaya. Utitiri uliokuwa unanyonya makinda unakosa damu, unateremka chumbani kukutafuta wewe. Mwisho unakata jipsam ya dari, na jipsam ukishaikata hujamaliza: kuna skimu ya kusawazisha, kuna msasa, kuna rangi ya chumba kizima kwa sababu doa la njano halikubali kufichwa na kiraka.

Mimi niliambiwa "ziba tu bosi, watajiondokea." Watajiondokea kwa mlango upi? Fundi huyo alilipwa kuziba, akarudi akalipwa kukata silingi. Kama ule haukuwa ujinga, basi ni mtaji.

Kwa hiyo: tundu halizibwi mpaka ujue hakuna kilicho hai ndani. Kaa uani saa 1 asubuhi na chai yako, nusu saa, macho kwenye tundu moja. Ndege akiingia na nyasi, anajenga. Akiingia na mdudu mdomoni, au akitoka na kifuko cheupe (hicho ni kinyesi cha makinda), kuna watoto. Usipoona kitu, usishangilie, jike anayeatamia hukaa kimya. Chomeka gazeti lililokunjwa kilegevu kwenye tundu, urudi kulitazama baada ya saa moja. Likisukumwa nje, kuna mwenyewe. Ukiona ndege anahangaika mbele yake anashindwa kuingia, litoe mwenyewe haraka. Likikaa siku mbili za jua bila kuguswa, ziba.

Mayai ya shomoro huatamiwa siku 11 hadi 14, na makinda huruka wakiwa na siku 14 hadi 17 hivi. Tangu umwone mdudu wa kwanza mdomoni, subiri wiki tatu. Usilale ukapitiliza, kwa sababu jike hutaga tena upesi kwenye kiota kilekile, na hesabu inaanza upya. Sisi watu wa Tabora tunapanda mti kutundika mzinga, tunasubiri nyuki miezi; wiki tatu za shomoro ndizo zinatushinda?

Siku ya kuziba anza saa 4 asubuhi, wakiwa wametoka kutafuta chakula. Jioni utamfungia jike ndani. Lowanisha kiota kwa maji yenye jiki kidogo ndipo ukitoe, na vaa barakoa, vumbi la kinyesi kikavu si la kuvuta. Kisha wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 19 au chini ya hapo, ukate ukanda, uukunje ufuate migongo, uufunge kwa skrubu kwenye mbao. Usifunge kwenye bati. Saruji nayo hapana: bati linatanuka na jua, saruji inapasuka. Na fomu ikipigwa jua inakuwa kama mkate mkavu, shomoro anaimega.

Kama ulichoona ni kiota cha tope chini ya paa, chenye shingo kama chupa, huyo ni mbayuwayu. Haingii darini. Mwache, mpigilie ubao wa upana wa sentimita 25 kama futi moja chini ya kiota udake kinyesi, basi.

Mpigie fundi. Akisema keshanunua fomu, mwambie akazibe nayo pembeni mwa fremu za milango, ndiko inakofaa.