Kitu kimoja kizuri cha Tanzania? Mimi nataja ugeni

Mkuu mleta mada, swali lako lina mtego. Umetaka tutaje kitu kimoja tu kizuri cha Tanzania, bila Mlima Kilimanjaro, bila Serengeti, na bila neno amani. Nimesoma majibu yote tangu jana. Mmoja kataja mchele wa Kyela, mwingine embe za Tabora, na kijana mmoja kaandika kwamba akipata viza ya Kanada leo usiku haagi mtu. Simlaumu. Mimi mwenyewe nimeshastaafu na bado nadai fedha za uhamisho wa mwaka 1999, barua zote ninazo kwenye bahasha ya kaki. Lakini mimi ni Mpare, na ubishi sisi tumeumbiwa, kwa hiyo sitakubali kwamba hakuna.

Jibu langu ni ugeni. Katika nchi hii mtu unaweza kushushwa usiku mahali ambapo huna ndugu, lugha yao ya nyumbani huijui, hata upepo wake huujui, na asubuhi mtu akakuuliza umeamkaje. Ubwana shamba umenihamisha mara nne, kwa hiyo nimekuwa mgeni mara nyingi kuliko nilivyokuwa mwenyeji.

Nilianzia Newala mwaka 1989, nikiwa nimetoka chuo cha kilimo Ilonga kule Kilosa. Kijana wa Usangi, sanduku la bati, barua ya ajira mfukoni. Nilifika usiku nikiwa juu ya lori, vumbi hadi kwenye kope. Mjumbe wa nyumba kumi akanipeleka kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na chumba. Yule mama hakuuliza kodi, hakuuliza kabila. Alisema "mtoto amechoka huyu", akanipa ndoo ya maji nikaoge bafuni nje, bafu la makuti.

Sasa elewa ninakotoka. Usangi maji ni kelele ya usiku kucha. Mifereji inapita nyuma ya nyumba, na wazee wetu walichimba ndiva za kukusanya maji ya kumwagilia kabla hata ya Mjerumani kuja. Mtoto wa Upareni hajui kuoga kwa kubana. Nilijimwagia ndoo nzima, nikatoka, nikaomba mengine kidogo ya kusafishia viatu. Mama akasema kwa upole, "Leo yametosha, mwanangu." Chakula kikaja: muhogo wa kuchoma, mkavu, na chumvi pembeni. Nikawaza kwamba ndio mila ya huku, nikala kwa adabu.

Ilichukua kama miezi mitatu kujua nilichofanya usiku ule. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, kwenye ukingo wa mteremko. Ukisimama pale wanapopaita Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma limelala chini na Msumbiji ng'ambo, lakini juu ulipo wewe udongo unakunywa mvua yote na maji hayakai. Mabomba yalikuwapo, ila yalikuwa yakitoa hewa zaidi ya maji. Watoto wa kike waliamka saa kumi alfajiri wakashuka bondeni na ndoo, wakarudi jua likiwa limeshakuwa kali. Aliyenifumbulia ni mjukuu wa yule mama, kitoto cha miaka minane hivi, hakijui kuficha: "Siku uliyokuja ulioga maji yetu ya ugali." Kumbe muhogo ulichomwa kwa sababu hapakuwa na maji ya kusongea. Mila gani, ilikuwa aibu yangu.

Yule mama hakuwahi kunitajia. Mshahara wangu wa kwanza ulipokuja, nao ulichelewa, nilinunua pipa na vipande vya bati tukatengeneza mfereji kwenye paa ili tukinge ya mvua. Akaniambia, "Umeshakuwa wa hapa." Nadhani alikuwa ananisamehe, sina hakika, hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kazi yenyewe ilikuwa korosho. Ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unakausha maua na sisi tulitumwa kuhimiza watu wapulizie salfa. Mimi nilikuja na vipimo vya chuoni. Mzee mmoja akanisikiliza mkutano mzima, kisha akanichukua alfajiri shambani kwake akanionyesha saa ambayo umande bado upo na upepo haujaamka, vumbi la salfa linapanda taratibu na kukamata kwenye majani. Saa moja baadaye ungekuwa unapulizia shamba la jirani. Nikabadilisha mafunzo yangu. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa naitwa "Mpare wetu", na kila mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba alinitania nimsaidie, kwa kuwa eti Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kesi ya kuku mpaka Newala imefika! Nani aliwapelekea?

Najua mtasema hata nchi nyingine watu ni wakarimu. Ndiyo. Swali lilikuwa kizuri chetu, halikuwa mashindano. Ila ninachokitaja ni zaidi ya ukarimu wa mtu mmoja mmoja. Mpare kupangiwa kazi Umakondeni, Mhaya akafundisha Songea, Mmatengo akawa karani Musoma, na watu wa pale wakaona ni jambo la kawaida: hilo lilitengenezwa. Machifu waliondolewa mamlaka mwaka 1963. Shule za msingi zikafundisha kwa Kiswahili nchi nzima. Shule za bweni zilichanganya watoto makusudi, wa Kigoma analala kitanda cha juu, wa Lindi cha chini, wanaibiana sabuni mpaka wanakuwa marafiki. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumwuliza mtu kabila lake. Na tulikuwa na bahati kwamba katika makabila zaidi ya 120 hakuna lenye ukubwa wa kuyameza mengine, na mkubwa wa nchi mwenyewe, Mwalimu Nyerere, alitoka kwa Wazanaki, ambao wengi wetu tuliwafahamu kwa sababu yake.

Mengine yalitengenezwa kwa mabavu, nayo tuyaseme. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu kwenye makaburi ya baba zao, na wapo waliokuta nyumba zao zimebomolewa. Na tusijidanganye kwamba mgeni hupokelewa kila mahali. Kilosa nilikosomea, Desemba 2000, wakulima na wafugaji waliuana pale Rudewa, na wafugaji wale waliitwa wageni pamoja na kwamba watoto wao walizaliwa palepale. Nilisikia habari ile redioni nikazima. Ninapotaja ugeni kama kitu kizuri sisemi kimeshakamilika.

Nirudi kusini. Mwishoni mwa 1997 nilikuwa natoka likizo Usangi na mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, binti wa miezi minne. Waliozaliwa juzi hamwezi kuijua barabara ya Dar kwenda Mtwara ya wakati ule. Daraja la Mkapa halikuwepo, lilifunguliwa mwaka 2003. Pale Ndundu mlivuka Rufiji kwa pantoni, mkisubiri zamu, na ukishavuka ndipo safari inaanza kwa kweli: tope jeusi la mfinyanzi mpaka Somanga. Mvua za El Niño ndizo hizo zimeshika. Basi letu likazama mpaka kwenye ekseli. Abiria tukashuka kusukuma, wanaume kwa wanawake, tairi linazunguka linatupaka tope usoni, halisogei hata shubiri. Dereva akazima injini akasema neno moja: "Tumelala."

Tulilala siku tatu. Siku ya kwanza watu wa kijiji cha jirani walikuja kutuuzia samaki wa kukaanga na mihogo, kwa bei ya kuumiza, nisifiche. Biashara ni biashara. Siku ya pili pesa za watu zikaanza kuisha, bei nazo zikashuka. Usiku wa siku ya pili mvua ikapiga mpaka ndani ya basi, na mtoto akaanza kukohoa. Mama mmoja aliyekuwa muuza samaki mchana akaja na taa ya chemli akamwambia mke wangu, "Lete mtoto." Hivyo tu. Mke wangu akampa. Tukamfuata gizani, miguu inazama, mimi nimebeba sanduku kichwani.

Alikuwa na kitanda kimoja cha kamba. Akalala chini na watoto wake, kitandani akatupandisha sisi. Akachemsha maji, akamkanda mtoto kifua kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akiimba kitu cha Kindengereko ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekielewa. Asubuhi tulimpa pesa akapokea ya samaki aliyemuuza jana tu, iliyobaki akarudisha. Nikabisha, kama kawaida yangu. Akasema, "Ya samaki ni ya samaki."

Mtu aliyezoea daladala zetu hataona ajabu hapo. Mama akipanda amesimama na mtoto, hamwombi mtu ruhusa. Anakuwekea mtoto mapajani, anakamata bomba, na wewe unampakata mpaka kituo chako. Kijana wa Kanada, huko jaribu kumpakata mtoto wa mtu uone.

Kasulu nitaipitia haraka, maana ndiko kwenye kesi yangu ya fedha za uhamisho na nikianza sitamaliza. Nilifika 1999. Waha wanakusalimia kwa kupiga makofi taratibu, na salamu inachukua muda, na ole wako ukianza kuzungumzia mbolea kabla haijaisha. Kambi ya Nyarugusu ilikuwa imejaa Wakongo waliovuka ziwa tangu 1996, na kwenye mnada wa mjini ungesikia Kiswahili chao, "batu" badala ya watu, "aksanti" badala ya asante, tunaelewana mpaka kwenye bei. Nchi hii ilishawapa uraia Warundi waliokimbia mwaka 1972, watu zaidi ya laki moja na nusu, vyeti vilitolewa 2014. Hilo silioni likitajwa kwenye nyuzi kama hizi, wakati ni kubwa kuliko mnyama yeyote wa Serengeti. Hapohapo, Desemba 1996 serikali hiyohiyo iliwarudisha Wanyarwanda kwa kuwasukuma na askari. Yote mawili ni sisi.

Kuna na utani wa makabila, ambao vijana mnaufahamu kwa vichekesho vya simu tu. Baba yangu alipofariki, mwaka 2004, jeneza lilikuwa limeshabebwa wakati Mchaga mmoja, mtani wetu, mtu mzima mwenye koti, alipojilaza katikati ya njia. Kwamba marehemu haendi kokote, wana kesi ya kuku haijahukumiwa. Akataka alipwe fidia. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala siku mbili, akacheka. Akacheka kweli, mpaka akashikwa. Wajomba wakachanga sarafu, mtani akazihesabu mojamoja palepale kwenye vumbi, akasema Wapare wamemdhulumu tena, akainuka na kushika jeneza upande wa mbele. Fedha zile alizirudisha jioni kwenye daftari la rambirambi, akaongeza na zake.

Nimalizie na la mwaka juzi. Nilialikwa harusi Mtwara na kijana niliyemfundisha kupandikiza mikorosho. Daraja la Rufiji tulilipita mimi nikiwa nafungua chupa ya maji, kufunga kifuniko tumeshavuka. Lami mpaka kusini. Nikamwomba konda anishushe karibu na kile kijiji, akaniambia, "Mzee, hapa hatushushi, subiri Somanga." Nikashuka Somanga, nikachukua bodaboda kurudi nyuma.

Nyumba niliikuta, sasa ina bati. Yule mama alishafariki. Binti yake, aliyekuwa mmoja wa wale waliolala chini, alikuwa kibarazani anachambua dagaa. Nikajieleza kwa urefu: basi, tope, El Niño, mtoto aliyekohoa. Nikamwambia mtoto yule sasa ni nesi Sumbawanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaniuliza:

"Mabasi yalilala hapa kila masika, baba. Mama alikuwa analeta watu humu ndani mpaka tunakosa pa kukanyaga. Wewe ni yupi kati yao?"

Nikasema mimi ni yule Mpare.

"Mpare!" Akaacha dagaa, akawaita wanawe waje wanione. "Jamani, huyu karudi kudai chenji ya samaki."